Futari Iliyorudi Jikoni

Saa kumi na moja na dakika kumi na saba alfajiri, siku ya Jumanne, nilikuwa napima sukari ya uji wa asubuhi niliposikia viti vikianguka katika darasa la kidato cha nne. Dakika ninaijua kwa sababu kila nikifungua stoo huandika saa, na wino ulikuwa bado haujakauka.

Mimi ni mtunza stoo wa shule ya upili ya bweni, mwendo mfupi kutoka Garsen ukishika barabara ya Malindi. Niliishia darasa la nane. Hesabu za stoo nilijifunza katika kitabu kikuukuu nilichonunua sokoni, kisicho na jalada wala kurasa kumi na mbili za mwanzo, kwa hiyo mpaka leo sijui mwandishi alianzaje. Kwa miaka kumi na minne nimeandika kila kilo iliyotoka na kila kilo iliyorudi. Wanafunzi hunicheka. Wanasema Mama Stoo hupima hata mvuke.

Nilikimbilia darasani na kijiko cha kupimia kikiwa mkononi. Msichana mmoja alikuwa sakafuni, macho wazi, mikono ikitetemeka, karatasi ya mtihani imekunjika chini ya shavu lake. Nilimfahamu vizuri. Alikuwa katibu wa wanafunzi Waislamu, binti wa mama muuza maziwa kutoka maboma ya Waorma, na aliandika mwandiko safi kuliko wote shuleni. Nilipoweka kiganja kifuani pake, moyo ulikuwa ukienda kama mashine ya posho.

Naibu wa mwalimu mkuu, aliyesimamia mtihani ule, alikuwa ameshafungua kikebe cha kalamu cha msichana. Alitoa majani mabichi ya muguka, yale ya kutafuna, yaliyofungwa katika karatasi ya peremende ya jojo. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na majina thelathini na moja, la kwanza likiwa la msichana mwenyewe.

"Basi ndiye yeye," alisema. "Na hawa ndio wateja wake. Nimewatafuta muhula mzima."

Nilitaka kuitazama ile karatasi vizuri, lakini msichana alianza kutapika maji matupu, tukambeba.

Katika zahanati, nesi alimwekea dripu na kusema kwamba hakuna kitu tumboni na hakuna usingizi kichwani, na kwamba muguka juu ya tumbo tupu si mchezo. Akatuacha. Msichana aliangalia dari.

"Mama, mimi nilifunga kweli jana."

"Najua."

"Uji wa futari ulishindwa kushuka. Nilikunywa maji tu. Halafu nikatafuna mpaka alfajiri."

"Kwa nini?"

Aligeuka akautazama ukuta.

"Kulala kunaniogopesha. Nikifumba macho nasikia namba yangu ikisomwa."

Hapo nieleze. Mwanzo wa muhula ule naibu alianzisha mtihani wa hesabu wa alfajiri, kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi na moja kamili. Yeye ni mwalimu hodari, na alama za shule zilikuwa zimeshuka. Matokeo aliyasoma siku hiyohiyo kwenye gwaride la saa kumi jioni, kuanzia wa mwisho. Aliyesomwa alisimama na kubaki amesimama hadi wa kwanza atajwe. Msichana huyu alikuwa wa tatu katika mtihani wa kwanza. Kufikia Ijumaa kabla ya kuanguka alikuwa ameshashuka hadi wa thelathini na nane, na alikuwa amesimama juani karibu gwaride zima, mbele ya wadogo zake wa kidato cha kwanza.

"Majani ulipata kwa nani?" aliuliza nesi alipopita.

"Sitataja mtu," msichana alisema akinitazama mimi.

"Mimi sikuuliza," nilisema, na kweli sikuwa nimeuliza. Akili yangu ilikuwa kwenye ile karatasi.

Niliporudi shuleni saa tatu na nusu, habari ilikuwa imeshaiva. Bodi ya shule ingekutana Ijumaa saa nne asubuhi, na neno lililokuwa likizunguka ofisini lilikuwa kufukuzwa. Usajili wa mtihani wa kitaifa ulikuwa umefungwa. Akifukuzwa hapa, hakuna shule ambayo ingempokea kama mtahiniwa. Miaka minne ya karo ingeishia pale, na mama yake alikuwa ameilipa kwa kuuza ng'ombe mmoja baada ya mwingine mpaka zizi likabaki na mitamba miwili.

Niliomba kuiona karatasi. Mwalimu mkuu alinipa bila kuuliza sababu. Nilisoma mstari wa kwanza, nikacheka kwa sauti, jambo ambalo sikumbuki kulifanya katika ofisi ile kabla ya hapo.

"Mwalimu, hii si orodha ya muguka! Hii ni orodha ya futari!"

Nilikimbia stoo nikarudi na faili. Kila Jumapili na kila Jumatano jioni, katibu huniletea majina ya wanaotaka kufunga sunna ya Jumatatu na Alhamisi. Kwa majina hayo mpishi hupunguza chakula cha mchana na mimi hutoa futari: uji, tende tatu na kaimati nne kwa kila mtu. Nakala moja hubaki kwake, moja kwangu. Niliziweka karatasi mbili sambamba mezani. Majina yalikuwa yaleyale kwa mpangilio uleule, hata kosa alilofuta katika jina la kumi na tisa lilikuwepo kotekote.

Mwalimu mkuu alishusha pumzi. "Kwa hiyo hauzi."

"Hauzi."

"Mungu akubariki. Nitamweleza naibu."

Nilivuka uwanja kama msichana wa miaka ishirini. Nilimkuta mpishi wetu nyuma ya jiko, mzee wa Kipokomo mwenye dharau ya upole kwa watu wote wasiojua kusonga ugali. Alikuwa akimimina uji wa jana katika ndoo ya mama anayefuga kuku karibu na lango, ambaye huchukua makombo yetu kila asubuhi.

"Dada, mbona unang'aa hivyo? Umeongezwa mshahara?"

"Nimemwokoa mtoto wa watu."

"Vizuri. Shika ndoo basi, isianguke."

Nikashika. Uji ukamiminika, mzito, umeganda juu. Ukaendelea kumiminika. Ndoo ikajaa, akavuta ya pili.

"Huu ni uji wa nini?" niliuliza.

"Wa futari. Huo wa asubuhi umeliwa wote."

"Wa futari umebaki wote huu?"

"Kila Jumatatu na Alhamisi. Si unauandika mwenyewe?"

Nilikuwa nikiuandika mwenyewe. Nilisimama na ndoo mkononi na furaha yangu ikanitoka. Mtu aliyefunga tangu alfajiri, kwa joto la Garsen, Magharibi ikiingia anarudishaje futari? Nimeishi na Waislamu maisha yangu yote, majirani zangu wa pande zote mbili. Sijawahi kuona uji wa futari ukibaki. Watoto huramba sufuria.

"Na tende?" niliuliza.

"Tende hairudi hata moja. Tende inaingia mfukoni. Kuku wa yule mama ndio wanaopata thawabu ya uji."

"Na hukushangaa?"

Mpishi aliweka sufuria chini. "Dada, mimi Mkristo. Nimuulize mtoto aliyesema amefunga, kweli umefunga? Wewe ungeuliza?"

Nisingeuliza. Wala ustadh wetu wa dini hakuuliza. Alikuwa amewasifu kwenye mkutano wa wazazi kwamba idadi ya wanaofunga sunna imepanda na shule imepata baraka. Tulikuwa tumeheshimu kiasi cha kutoona. Mwalimu wa zamu huhesabu vichwa mezani mchana na jioni, na asiyekula huulizwa. Anayefunga haulizwi. Magharibi hukaa kwenye baraza la stoo mbali na wengine, na kutoka pale hadi ua wa miti ya miiba ya mathenge, unaopitishiwa vitu kutoka barabarani, ni hatua sitini. Baadaye nilizipima.

Nilijifungia stoo na madaftari. Kila mstari uliandikwa kwa mkono wangu mwenyewe, na sikuwa nimeusoma hata mmoja. Muhula uliotangulia, waliofunga: tisa. Wiki ya kwanza ya muhula huu: tisa. Wiki ya pili: kumi na nne. Halafu kumi na tisa, ishirini na sita, thelathini na moja. Uji uliorudi ulipanda nao. Wale tisa walipokuwa peke yao haukurudi hata kikombe.

Nikajiuliza kilianza nini katika wiki ya pili. Niliinuka kitini. Nilikaa. Niliinuka tena, nikaenda kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni. Mtihani wa alfajiri wa kwanza ulifanyika Jumanne ya wiki ya pili. Wanafunga Jumatatu, mtihani ni Jumanne. Wanafunga Alhamisi, mtihani ni Ijumaa! Muguka huua njaa na kufukuza usingizi, na anayeutafuna kukesha na hesabu hawezi kula, na asiyekula mezani hukamatwa, isipokuwa akisema amefunga. Kila kitu kilikaa mahali pake. Nilipiga meza kwa kiganja hadi mizani ikaruka.

Kisha nikaona nilichokifanya. Saa moja kabla nilikuwa nimemthibitishia mwalimu mkuu kwamba ile ni orodha ya futari. Sasa nilijua kwamba, ukiondoa wale tisa, orodha ya futari ndiyo orodha ya muguka, na imeandikwa kwa mkono wa yule msichana. Ningenyamaza, angeokoka kwa nusu ya ukweli, na wenzake wangeendelea kutafuna hadi mwingine aanguke. Ningesema, huenda ningemzika mimi.

Saa nane mchana nilirudi ofisini. Safari hii naibu alikuwepo. Nilifungua madaftari, nikaeleza kila kitu, pamoja na kosa langu la asubuhi. Naibu alisikiliza huku amekunja mikono.

"Unasema mimi ndiye ninayeuza muguka?"

"Sijasema hivyo, mwalimu. Nasema siku zako na siku zao zinafuatana."

"Watoto wa siku hizi ni watundu tu. Bila mtihani wangu pia wangetafuna."

"Basi tuujaribu. Ondoa mtihani wa Ijumaa. Utangaze Jumatano mchana, kabla orodha haijaandikwa."

"Halafu?"

"Kama wanafunga kwa ajili ya Mungu, watabaki thelathini. Kama wanafunga kwa ajili ya mtihani, watabaki wanane."

"Kwa nini wanane? Umesema tisa."

"Wa tisa yuko zahanati. Nesi amemkataza kufunga."

Mwalimu mkuu aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Naibu akaninyoshea kidole. "Wakibaki zaidi ya ishirini, utaniomba radhi mbele ya walimu wote."

"Nitaomba."

"Na wakibaki wanane wako?"

"Wewe hutaniomba kitu, mwalimu. Utaisogeza saa tu."

Jumatano nilifungua stoo saa kumi na mbili asubuhi na sikufanya kazi yoyote ya maana. Nilipima maharagwe mara mbili. Tangazo lilitolewa mchana. Nilisikia vigelegele kutoka darasa la kidato cha nne, navyo vikanipa moyo, ingawa vigelegele si ushahidi. Orodha huja saa kumi na moja na nusu. Saa kumi na moja na robo nilikuwa nimeshasimama mlangoni. Mpishi alikaa kwenye gunia la mchele, akisema hakuja kwa sababu yoyote.

"Ukishindwa utalia?"

"Nyamaza."

"Nauliza nijue kama nilete leso."

Msichana mwingine wa kidato cha nne, rafiki wa yule mgonjwa, alikuja na karatasi ndogo sana. Niliona udogo wake kutoka mbali. Niliifungua. Majina yalikuwa tisa.

"Tisa!" nilipiga kelele. Mpishi aliruka kutoka kwenye gunia. Tulishikana mikono kama walioshinda mpira. Kisha nikahesabu tena, maana nilitabiri wanane. Wanane wa zamani walikuwepo wote, na jina la mwisho lilikuwa geni.

"Huyu wa tisa ni nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Na wewe unafunga kwa nini?"

"Namfungia yeye. Bodi isimfukuze."

Nikaandika tisa katika daftari, na pembeni nikaandika sababu, kitu ambacho safu zangu hazina nafasi yake.

Alhamisi Magharibi nilisimama kwenye baraza. Futari ya watu tisa ilikwisha kabla vikombe havijapoa, na sufuria ilirudi imekwanguliwa. Niliipima hata hivyo. Uzito ulikuwa wa sufuria tupu. Yule mama wa kuku asubuhi yake alilalamika kwamba tumembania.

Bodi ilikutana Ijumaa. Mama yake msichana alifika kabla ya wote, amebeba mtungi wa maziwa, maana alipitia shuleni akielekea sokoni na hakutaka maziwa yaharibike kwa ajili ya mkutano. Alikataa kiti.

"Mimi nasema maneno mbili," alisema. "Mtoto yangu amekosa. Nimemwambia, na nitamwambia tena nyumbani, si kwa upole. Lakini yeye si muuzaji. Mtu akiuza, pesa iko. Nyinyi mnaona pesa? Mimi natafuta karo, yeye ana pesa?"

Mwenyekiti aliniita. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi mbili, lakini nilianza kusema na sikuzitazama tena. Niliwaeleza uji uliorudi, tende zisizorudi, wiki ya pili, saa ya mtihani na orodha ya Jumatano. Sikuficha kwamba msichana alitafuna. Nilisema pia kwamba yeye ni mmoja wa tisa waliofunga tangu zamani kabla hapajakuwa na faida ya kufunga, na kwamba alichoniambia zahanati ni kuwa anaogopa kulala.

"Anaogopa nini?" aliuliza mwenyekiti.

"Namba yake."

Ustadh aliomba kusema. Nilidhani atanikemea kwa kuingilia ibada. "Niliwasifu mbele ya wazazi," alisema taratibu. "Sikuwahi kukaa nao kufuturu hata siku moja. Ningekaa, ningejua siku ya kwanza. Kuanzia Jumatatu nitafuturu pale barazani."

Macho yote yakamgeukia naibu. Alikuwa na daftari langu mapajani na alikuwa akilipitia kwa kidole, safu kwa safu, kwa namna mwalimu wa hesabu anavyotafuta kosa. Halikuwepo. Alilifunga.

"Saa tatu asubuhi," alisema. "Mtihani utakuwa saa tatu, baada ya uji. Na matokeo kila mmoja atapewa yake kwenye karatasi iliyokunjwa." Kisha, bila kumtazama mtu: "Mimi mwenyewe nilisomwa hivyo nikiwa mdogo. Nilidhani ndiko kulikonifanya nisome."

Msichana hakufukuzwa. Alipewa wiki mbili nyumbani, na akirudi aonane na mshauri nasaha kila Jumatano, yeye na yeyote wa wale ishirini na wawili ambaye angependa, bila kuandikwa jina. Mama yake alikubali. Alinimiminia kikombe cha maziwa pale nje, akakataa pesa, akasema, "Wewe ndiye mama wa kupima? Basi pima hii." Nikakinywa chote.

Mshauri nasaha alitoka Tarasaa na hakutaka malipo, ila nauli. Bodi iliuliza nauli itatoka wapi. Nilijibu papo hapo kwamba itatoka kwenye uji, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne niliahidi pesa kabla ya kuipiga hesabu. Jumatano ya kwanza walimjia wawili. Ya nne walikuwa kumi na saba na benchi halikutosha, tukaongeza magunia ya mchele. Sidai kwamba muguka umekwisha. Ua wa mathenge bado upo, na barabara ipo. Lakini muhula wa pili wote orodha ya futari ilibaki tisa, na sufuria zilirudi tupu.

Siku ya kufunga shule muhula huo nilikaa stoo kupiga hesabu ya mwisho. Msichana alikuja kurudisha ufunguo wa kabati la katibu. Alikuwa amenenepa kidogo usoni na alikuwa na tabia mpya iliyomkera mwalimu wa zamu: alilala mara tu taa zikizimwa. Aliinama juu ya bega langu, akasoma. Futari ishirini na mbili ambazo hazikutolewa tena, kwa shilingi thelathini, jioni mbili kwa wiki, wiki kumi na tatu: shilingi 17,160. Toa nauli ya mshauri, shilingi mia tatu kila Jumatano, mara kumi na tatu: 3,900. Zilizookolewa: 13,260.

"Mama, umekosea."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno hilo ndani ya stoo ile. "Wapi?"

"Likizo fupi. Tuliondoka Jumatano asubuhi. Alhamisi ile hakukuwa na mtu wa kufuturu, na Jumatano ile mshauri hakuja."

Nilitazama ratiba. Nilitazama daftari. Kisha nikampa kalamu na kusogea, naye akakaa kwenye kiti changu, akachora mstari mmoja safi juu ya hesabu yangu. Jioni ishirini na tano: 16,500. Jumatano kumi na mbili: 3,600. Chini yake, kwa ule mwandiko niliouona kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne, akaandika jibu: zilizookolewa, shilingi elfu kumi na mbili na mia tisa.